Ukurasa Mmoja, Simu Tatu

Mwaka jana nilitengeneza ukurasa wa ratiba ya usajili wa kozi ya ushonaji. Nilikaa siku tatu kwenye kompyuta ya kituo cha vijana. Kwenye Chrome ulipendeza kweli: siku upande wa kushoto, bloku katikati, saa kulia. Nikatuma linki kwenye WhatsApp, nikaenda kulala najisifu.

Alhamisi akaja mama mmoja, mtoto mgongoni. "Mwanangu, nimekuja kujiandikisha." Bloku yake ilikuwa ya Jumatatu, na nafasi zilishajaa. Nilitaka kumwambia hakusoma vizuri. Akanipa simu yake, ile ya kabambe yenye Opera Mini. Nikatazama, nikanyamaza.

Safu zangu tatu zilikuwa zimeanguka. Siku zote juu, zikifuatwa na bloku zote, na chini kabisa saa zote. Siku ya mwisho ilikuwa Alhamisi, na mara tu chini yake imeandikwa Bloku 1. Ndo bloku yake. Nani asingesoma hivyo?

Kumbe brauza si kitu kimoja. Opera Mini hupitisha ukurasa kwenye mitambo yake kwanza, inaubana ili usile bando, ndipo unafika kwenye simu. Gridi ya CSS, ambayo Chrome na Firefox wanayo tangu 2017, yenyewe haiijui. Mimi niliandika maboksi matatu mbalimbali nikaiachia gridi kazi ya kuyapanga. Pasipo gridi, maboksi yanashuka moja baada ya jingine, vile yalivyoandikwa.

Nikaanza upya. Sasa kila mstari unajitosheleza: "Bloku 1, Jumatatu, saa 3 asubuhi." Gridi nimeiweka juu yake kama pambo tu, ndani ya amri ya @supports: brauza inayojua gridi itapanga, isiyojua itaruka. Tena kila brauza ina nafasi zake za pembeni na ukubwa wake wa vichwa vya habari, kwa hiyo vipimo hivyo naviandika mwenyewe mwanzoni. Kabla ya kutuma linki, nazima CSS yote nisome. Halafu nafungua kwenye simu tatu: yangu, iPhone ya zamani ya rafiki, na kabambe.

Zamani nilitaka ukurasa ufanane kila mahali. Siku hizi sijali kama kwenye kabambe ni maandishi matupu, mradi mtu ajue siku yake.

Mama yule aliingia awamu iliyofuata, baada ya miezi minne. Hakunilaumu, na hiyo ndo iliniuma zaidi. Ninyi wa mashirika mnaotuletea fomu za mtandaoni, tafadhali, zifungueni kwanza kwa simu ya mtu wa bloku. Laptopu ya ofisi haitawaambia ukweli.