Baga ya Kikorea Mezani Kwetu

Akina mama wenzetu, wengi wetu tulio na watoto waliovuka miaka 13 tunasumbuliwa na jambo moja: hawataki tena kula nyumbani. Ugali na mchicha wanaona ni chakula cha wazee. Kwetu, binti alianza kuomba fedha za baga mjini, na jioni alirudi ameshiba. Tukabaki mezani sisi na mdogo wake. Fedha zilituuma, lakini kiti kile kitupu kilituuma zaidi, kwa maana mezani ndipo tunaposikia habari za shule, za marafiki na za moyo wa mtoto.

Tulimwuliza anapenda nini hasa. Akatueleza habari za tamthilia za Kikorea na vyakula anavyoviona humo. Tukakubaliana kuipika baga ya Kikorea hapa hapa nyumbani, ila kikaango atakishika yeye.

Ladha ya baga hii inatokana na bulgogi, neno la Kikorea lenye maana ya nyama ya moto. Ni nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba, ikalowekwa katika sosi ya soya, sukari, kitunguu saumu na mafuta ya ufuta, kisha ikachomwa. Mwaka 1992 mikahawa ya Lotteria ya Korea Kusini ilianza kuuza baga yenye ladha hiyo. Wapishi wengi wa huko huongeza pombe ya mchele. Sisi tunaiacha, na ladha haipungui.

Kwa watu wanne chukua nusu kilo ya nyama ya kusaga. Changanya na sosi ya soya vijiko 2 vya mezani, sukari kijiko 1, mafuta ya ufuta kijiko 1, punje 3 za kitunguu saumu kilichopondwa, tangawizi kidogo na nusu tufaa lililokwaruzwa na kukamuliwa maji. Usitie chumvi, kwa sababu sosi ya soya ina chumvi nyingi. Mwenye shinikizo la damu aipunguze. Acha nusu saa, kisha finyanga maandazi manne bapa. Kaanga kwa moto wa wastani, maana sukari huungua upesi, mpaka nyama iive kabisa katikati. Nyunyizia ufuta uliokaangwa kidogo; ufuta mzuri tunaupata kutoka Lindi na Mtwara.

Wakorea hula na kimchi, yaani kabichi iliyotiwa chumvi, pilipili na kitunguu saumu, ikaachwa ichachuke. Kwa haraka, sisi tunakata kabichi nyembamba, tunaitia chumvi, baada ya nusu saa tunaiosha na kuikamua, kisha tunatia siki na pilipili ya unga. Si kimchi yenyewe, lakini inakata mafuta ya nyama vizuri. Weka vyote ndani ya skonzi iliyopashwa moto.

Huko Korea, kabla ya baridi kali, jamaa na majirani hukutana kutengeneza kimchi ya miezi mingi. Desturi hiyo huitwa kimjang, na mwaka 2013 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni. Tunaielewa maana yake, kwani mikono ikiwa na kazi, mdomo hufunguka.

Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Huku akikamua kabichi, binti alisema kwamba fedha zilipokwisha, kuna kijana mkubwa aliyekuwa akiwalipia yeye na wenzake, na sasa ameanza kumwita peke yake. Hatukupiga kelele. Tulipunguza moto, tukamsikiliza mpaka mwisho. Usiku ule baba yake alizungumza naye kwa upole, na kesho yake tulikwenda kuwaona wazazi wa wale wasichana wengine. Mialiko ile ilikoma.

Mithali sura ya 31 inamsifu mke ambaye, mfano wa meli za biashara, hutafuta chakula hata mbali kwa ajili ya nyumba yake. Mama mwenzetu, chakula cha mbali kisikutishe. Kilete jikoni kwako, mwite mtoto ashike kikaango, nawe usimame karibu umsikilize.