Kufuta na Kusafisha

Kitenzi "kufuta" kinabeba mzigo mkubwa katika Kiswahili. Tunafuta ubao, tunafuta machozi, tunafuta jina kwenye orodha. Kompyuta yetu ya nyumbani, hapa Kindu, ndiyo iliyonifanya niulize kama kufuta ubao na kufuta jina ni tendo moja.

Kompyuta hiyo ina diski ya SSD ya gigabaiti 240. Mwanzoni ilikuwa nyepesi. Baadaye kuhifadhi rekodi moja ya Kisongola kukawa kunachukua muda wa kuchemsha chai. Rekodi hizo ni nzito: saa moja ya sauti safi hula karibu gigabaiti 1. Mdogo wangu, alipoona diski imejaa, alifuta folda kadhaa. Nafasi ilionekana, lakini diski haikuchangamka. Katika folda moja mlikuwa na hadithi tatu za bibi mmoja wa Alunguli, ng'ambo ya mto, ambaye tulikuwa tumeshamzika.

"Yaya, niliona tarehe tupu, hakuna jina," aliniambia.

Ndani ya SSD, data huandikwa katika kurasa ndogo, na kurasa nyingi hufanya bloki moja. Ukurasa huandikwa peke yake, lakini haufutiki peke yake: lazima bloki nzima isafishwe. Tunapobonyeza "futa", mfumo hukata jina tu katika daftari lake. Ni kama karani anayekata jina la mpangaji bila kumjulisha mwenye nyumba: chumba kinahesabiwa kitupu, kumbe vyombo vingali ndani. Diski inapotafuta nafasi, huhamisha vyombo hivyo kutoka bloki hadi bloki, na hapo ndipo inapochelewa. Amri ya TRIM, iliyoingia katika Windows 7 mwaka 2009, ndiyo barua kwa mwenye nyumba.

Niliandika fsutil behavior query DisableDeleteNotify. Jibu lilikuwa 1: barua hazitumwi. Dawa yake ni kuweka 0. Lakini barua ikishafika, vyombo hutupwa, na programu za kurudisha faili hazina tena cha kuokota. Ugonjwa wa diski ndio uliokuwa ukimtunza bibi.

Kwa hiyo dawa ilingoja. Nilizima kompyuta, nikachomoa diski na kuisoma kwenye kompyuta ya mwenzangu wa darasa, bila kuandika chochote juu yake. Tulichokipata tulikiweka kwenye diski nyingine. Hadithi mbili zilitoka nzima. Ya tatu ilikatika, kwa kuwa mahali pake palikuwa pameshaandikwa mambo mengine. Ndipo nikawasha TRIM, nikaagiza diski nzima ipitiwe, na sasa ninaacha sehemu moja ya tano wazi. Wepesi ulirudi.

Tunaotunga istilahi tuna kazi hapa. Ningependa mashine iseme "kata jina" inapokata jina, na "safisha" inaposafisha, ili mtu ajue bado ana muda au hana.

Hadithi ya tatu inaishia katikati ya sentensi. Wajukuu wa bibi wanasema wanajua mwisho wake, na kila mmoja ana wa kwake. Nitairekodi yote.