Ntumba Juu, Plau Bondeni

Mkulima mmoja, ambaye leo ni mzee wa kijiji cha Kaoze bondeni, alikulia juu uwandani Ufipa, mkoani Rukwa, Tanzania, kwenye mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari. Huko alilima kwa jembe la mkono, na kilimo chenyewe kilikuwa cha ntumba.

Mvua zikielekea kuisha, udongo ukiwa bado laini na majani mabichi, kaya nzima iliingia shambani. Walikata nyasi pamoja na udongo wake, wakapindua mabonge na kuyafukia majani ndani, mpaka shamba lote likajaa matuta ya mviringo, ndizo ntumba. Juu yake walipanda maharage. Mvua za msimu uliofuata ziliponyesha, matuta yalibomolewa, udongo ulioshiba mboji ukasambazwa, na ulezi ukamwagwa. Ili kurutubisha mashamba yao, Wabemba wa Zambia walikata matawi na kuyachoma wapate majivu. Lakini Ufipa miti ni haba, nyasi ni tele, basi nyasi ndiyo ikawa mbolea. Ufundi huu unastahili heshima kubwa kuliko unayopewa.

Plau ya ng'ombe ilipoenea, mahindi yalitanda. Rukwa, iliyofanywa mkoa mwaka 1974, ikahesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa ghala la taifa. Eneo ambalo familia ililitifua kwa wiki nyingi, maksai walilimaliza kwa siku chache. Lakini plau husubiri mvua za kwanza, na wakati huo ng'ombe wametoka kwenye kiangazi, mbavu zinahesabika. Ntumba ilifanywa malisho yakiwa mengi na udongo umelainika. Tena plau haifukii nyasi nyingi kiasi kile. Mbolea ya chumvichumvi ikaanza kununuliwa.

Mkulima wetu aliposhuka ukingo wa Lyamba lya Mfipa kuhamia bondeni, alikuta ardhi nyingine kabisa. Bonde la Ziwa Rukwa liko chini ya uwanda kwa takriban mita 1,000, lina joto, na lilikuwa limepokea wafugaji wa Kisukuma waliozoea kulima kwa maksai. Udongo mweusi wa mbuga ukikauka hupasuka na kuwa mgumu. Ukilowa sana hunasa plau na miguu ya ng'ombe. Kati ya hali hizo mbili kuna siku chache tu za kulima, na anayezikosa hupanda kwa kuchelewa.

Sera ya taifa ya Kilimo Kwanza ilipotangazwa mwaka 2009, trekta ndogo za mkono, pawatila, zilisambazwa nchini. Kwenye majaruba ya mpunga zinavuruga tope vizuri. Kwenye ardhi kavu iliyoshikana, nguvu zake hazitoshi.

Siku hizi mzee hufunga maksai wawili upande wa kichanga, wanne kwenye mbuga. Kipande cha mteremko hukilima kwa mkono, kwa kukingama, maji yasibebe udongo. Wanawe wanataka trekta kote. Amewakubalia shamba moja tu, lile tambarare lililokwisha kung'olewa visiki, tena kwa sharti kwamba dereva asiingie udongo ukiwa umelowa.