Kwa Meli na Gari la Moshi Kuvuka Milima ya Uswisi

Msafiri atokaye Luzern, mji ulio katikati ya nchi ya Uswisi, kwenda Lugano ulio kusini karibu na mpaka wa Italia, ana njia mbili za kuchagua. Njia ya kwanza ni ya upesi: hupanda treni, huingia chini ya milima, na yapata saa mbili baadaye amekwisha fika. Njia ya pili humchukua saa tano na zaidi. Kwanza huvuka ziwa kwa meli, kisha hushuka na kupanda gari la moshi linaloukwea mlima kwa kuzungukazunguka. Mwisho wa njia zote mbili ni mji ule ule. Hata hivyo kila mwaka, tangu Aprili hata Oktoba, watu wengi walio likizoni huichagua njia ile ndefu, nao hulipa ziada juu ya nauli ili wacheleweshwe.

Mtu aweza kufikiri ya kuwa hao ni watu wasio na kazi, lakini sivyo. Njia ya upesi haimwonyeshi msafiri kitu ila giza, pamoja na sura yake mwenyewe katika kioo cha dirisha. Njia ya polepole humwonyesha nchi. Na mwenye kutazama vizuri huona pia jinsi nchi hiyo ilivyopatikana kupitika, na nani waliolipa gharama yake.

ZIWA LA NCHI NNE

Ziwa lenyewe huitwa Vierwaldstättersee, maana yake ziwa la nchi nne za misitu. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 114 tu, na Ghuba ya Winam peke yake ingeweza kulimeza mara kadhaa. Lakini kina chake ni mita 214, na umbo lake si la mviringo. Limejipenyeza katikati ya milima kwa matawi mengi, hata abiria hudhani mara kwa mara kwamba wamefika mwisho wa maji. Kisha meli hupinda penye rasi, na ziwa jipya likafunguka mbele yao.

Meli ya kwanza ya moshi ililivuka ziwa hili mwaka 1837. Leo zimebaki meli tano za namna ya kale, zenye magurudumu makubwa ya makasia ubavuni. Iliyo nzee kuliko zote ni Uri ya mwaka 1901, na iliyo changa ni Stadt Luzern ya mwaka 1928. Mitambo yao haikufichwa. Abiria husimama katikati ya meli na kutazama chini, wakaona vyuma vilivyosuguliwa viking'aa, vikienda mbele na kurudi nyuma taratibu, na fundi akizunguka kutia mafuta. Watoto wengi hukaa hapo muda mrefu kuliko wanavyokaa nje kutazama milima.

Meli husimama katika vijiji, na mojawapo ni Vitznau. Hapo ndipo ilipofunguliwa reli ya kwanza ya mlimani katika Ulaya, tarehe 21 Mei 1871, kupanda Mlima Rigi. Fundi wake aliitwa Niklaus Riggenbach, na hila yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Kati ya reli mbili za kawaida alilaza reli ya tatu iliyo kama ngazi, na chini ya injini akatia gurudumu lenye meno. Meno hushika vidato vya ngazi kimoja baada ya kimoja, basi gari haliwezi kuteleza, likipanda au likishuka. Mwaka 1889 mlima mwingine wa jirani, Pilatus, ulipata reli yake ya meno. Hiyo ndiyo yenye mwinuko mkali kuliko zote za aina yake duniani: mahali pengine, kwa kila mita 100 za kwenda mbele, hupanda mita 48.

Baada ya Brunnen ziwa huelekea kusini na milima husogea karibu zaidi. Upande wa kulia pana uwanja mdogo wa majani uitwao Rütli. Mapokeo ya Waswisi husema kwamba watu wa nchi tatu, Uri, Schwyz na Unterwalden, walikutana hapo wakaapa kusaidiana juu ya mabwana waliowaonea. Mwaka utajwao ni 1291, na hati ya mapatano ya mwaka huo imehifadhiwa mpaka leo katika mji wa Schwyz. Mwaka 1859 palikuwa na shauri la kujenga hoteli katika uwanja huo. Habari zilipoenea, fedha zikachangwa nchi nzima, na watoto wa shule nao wakatoa senti zao. Uwanja ukanunuliwa, ukawa mali ya taifa isiyouzwa. Ni kipande cha majani tu, lakini abiria wengi wa Kiswisi husimama meli ipitapo hapo.

Mbele kidogo, upande wa pili, lipo kanisa dogo la Wilhelm Tell, yule mpiga mshale ambaye hadithi yasema aliruka hapo kutoka katika mashua ya adui yake wakati wa dhoruba. Wataalamu wa historia hawakupata uthibitisho kwamba Tell alikuwako. Lakini dhoruba ni ya kweli: upepo wa kusini uitwao Föhn ukishuka kwa ghafula kutoka milimani, maji haya matulivu huchafuka na kuwa hatari kwa vyombo vidogo.

KANISA LIONEKANALO MARA TATU

Huko Flüelen ziwa lakoma. Gati na stesheni vimekaa jirani, na saa za meli na za gari la moshi zimepangwa zikutane. Tangu mwaka 1982 nchi nzima ya Uswisi hufuata utaratibu mmoja wa saa za safari, ili msafiri atokaye katika chombo kimoja asingoje kingine muda mrefu.

Hapo gari huanza kupanda. Kusema kweli jina la gari la moshi halilifai tena, maana moshi ulikoma njiani humu mwaka 1920. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Uswisi, isiyo na makaa ya mawe ya kuitosha, ilipata taabu kubwa ya makaa yaliyotoka nchi nyingine. Ikaona kwamba maji yaangukayo milimani kila siku yaweza kufanya kazi ile ile bila kuagizwa ng'ambo. Vikajengwa vituo vya umeme, na tangu hapo mito ya mlima huu ndiyo inayoyavuta magari yaupandayo.

Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza likipewa mwinuko mkali, na treni nzito za bidhaa zisingeweza kwenda kwa meno kama zile za Rigi. Basi wahandisi waliirefusha njia. Mahali bonde lilipoinuka ghafula, waliiingiza reli ndani ya mlima, wakaizungusha mviringo gizani, wakaitoa tena mahali pa juu zaidi. Kijiji cha Wassen ndicho kinachodhihirisha kazi hiyo. Kanisa lake jeupe huonekana kwanza juu kabisa ya gari. Baada ya kitambo kidogo laonekana tena, karibu sawa na dirisha. Kisha mara ya tatu abiria hulitazama likiwa chini yao. Wageni hubishana kwamba ni makanisa matatu.

WALIOTOBOA MLIMA

Katika Göschenen, mita 1,106 juu ya bahari, bonde hufungwa na ukuta wa mawe. Hapo pana mdomo wa handaki la Gotthard, yaani njia iliyotobolewa ndani ya mlima, urefu wa kilomita 15. Gari hulipita kwa dakika chache, na watu hutumia nafasi hiyo kula mkate. Wale walioitoboa walichukua karibu miaka 10.

Kazi ilianza mwaka 1872, chini ya Louis Favre wa Geneva, aliyeahidi kuimaliza kwa miaka 8. Watu wengi walioifanya walikuwa Waitalia wa kaskazini. Walichimba kutoka pande mbili kwa mashine zilizoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa, na kwa baruti kali. Moshi wa baruti ulibaki ndani, maji yalitiririka juu yao, na joto lilipita digrii 30 ingawa juu ya mlima palikuwa na theluji. Mwaka 1875 wafanya kazi wa Göschenen waligoma, wakalalamikia hali hiyo na mshahara. Askari waliitwa, na watu wanne wakauawa kwa risasi.

Baadaye wachimbaji wakaanza kupauka, kuishiwa nguvu, na kushindwa hata kupanda ngazi. Watu waliyaita maradhi hayo upungufu wa damu wa handaki. Mwaka 1880 Profesa Edoardo Perroncito wa Turin alionyesha sababu yake: ilikuwa safura, ile ile ijulikanayo na wakulima wa Pwani na wa kandokando ya Nyanza. Mnyoo wa safura hauwezi kuishi katika udongo wenye baridi wa milima ya Ulaya. Lakini ndani ya handaki palikuwa na joto na unyevu kama wa nchi za jua kali, na watu hawakujengewa vyoo. Hivyo mnyoo ulipata makao, nao walioacha kazi hapo waliuchukua mpaka machimbo mengine ya Ulaya.

Pande mbili zilikutana mwishoni mwa Februari 1880. Hesabu ya wapimaji ilikuwa imekosea kwa sentimita 33 tu kwa upana, na 5 kwa kimo. Favre hakuiona siku hiyo. Alikufa ndani ya handaki mwezi Julai 1879, akiwa na umri wa miaka 53. Na yasimuliwa kwamba kitu cha kwanza kupitishwa katika tundu lile kilikuwa picha yake. Njia ilifunguliwa mwaka 1882. Watu karibu 200 walikufa kazini, na waliorudi makwao wakafa kwa maradhi hawamo katika hesabu hiyo.

Elimu ile haikupotea. Handaki la Simplon lilipochimbwa baadaye katika milima hiyo hiyo, tangu mwaka 1898, wachimbaji walijengewa nyumba za kuogea, kubadili nguo na kukausha zile zilizolowa. Ilikuwa imejulikana kwamba afya ya mfanya kazi ni sehemu ya kazi yenyewe.

Gari litokapo gizani husimama Airolo, na karibu na stesheni ipo sanamu ya shaba iliyowekwa hapo mwaka 1932. Ni kazi ya Vincenzo Vela, mwenyeji wa jimbo hili la Ticino. Haionyeshi mkubwa yeyote wala mwenye fedha. Yaonyesha wachimbaji wakimchukua mwenzao aliyekufa kwa machela. Wasafiri wa njia ya upesi hawapiti hapa kamwe.

NJIA YA KALE NA NJIA MPYA

Kutoka Airolo gari hushuka. Lugha ya vibao hubadilika, Kijerumani kikawa Kiitalia, na mapaa ya mawe hushika mahali pa mapaa ya mbao. Reli huzunguka tena mara nyingi ndani ya mlima. Kisha, karibu na Biasca, reli nyingine hujitokeza na kuungana nayo. Hiyo ndiyo njia mpya, itokayo katika handaki la chini la Gotthard, lenye urefu wa kilomita 57, ambalo ni refu kuliko handaki lolote la reli duniani. Lilifunguliwa tarehe 1 Juni 2016. Watu 9 walikufa katika kulijenga; ni msiba kwa jamaa zao, lakini ni tofauti kubwa na ule wa mara ya kwanza.

Wakati huo wengi waliuliza kama njia ya kale ina faida tena. Kuitunza ni gharama kubwa: madaraja, kuta za kuzuia theluji, na vijiji ambavyo treni kubwa haziviendei tena. Wengine waliiona kuwa pambo la wageni tu. Jibu lilikuja Agosti 2023. Treni ya bidhaa iliacha reli ndani ya handaki jipya na kuharibu kilomita kadhaa za njia. Hakuna aliyeumia, lakini handaki halikurudia hali yake kamili mpaka Septemba 2024. Katika muda huo treni za abiria zilirudi kupita Göschenen, Wassen na Airolo. Safari ilirefuka kwa saa moja, lakini kaskazini na kusini hazikutengana. Mzee aliyedhaniwa amestaafu aliitwa kazini, na kazi akaiweza.

Baada ya Biasca bonde hupanuka. Mji wa Bellinzona waonekana na ngome zake tatu za kale, zilizojengwa ili kufunga njia hii hii ambayo baadaye watu walitaabika sana kuifungua. Mwisho ni Lugano, kando ya ziwa lingine, penye miti ya mitende na hewa ya vuguvugu. Abiria waliokuja kwa upesi wamekwisha kunywa kahawa yao na kwenda zao. Hawa wa polepole hushuka wakiwa wamechoka kidogo, lakini ukiwauliza mlima uliowatenga na Luzern una nini ndani yake, wao wana neno la kusema.