Uko Upande Gani, au Mko Upande Gani?

Mwalimu wa lugha amezoea kuulizwa, na jibu lisipokuwapo kichwani mwake, aghalabu hulikuta kamusini. Hivi karibuni tumeulizwa swali ambalo kamusi haikutufaa.

Mwanafunzi wetu mmoja hapa Lubumbashi alitujia na albamu iitwayo Kentucky, iliyotolewa mwaka 2012. Mwenyewe ni Mmarekani, Austin Lunn, anayetumia jina la Panopticon, yaani lile gereza alilolibuni Jeremy Bentham ili mlinzi mmoja aweze kuwaona wafungwa wote. Bendi hii ni ya mtu mmoja. Karibu kazi yote huifanya yeye, kutunga, kuimba, kupiga gitaa na ngoma. Muziki wake ni wa aina ya metali nyeusi, iliyostawi nchini Norway mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ngoma zake hukimbia kama mvua ya mawe juu ya bati, gitaa hunguruma, na mwimbaji hupiga ukelele mpaka maneno hayatambulikani. Tulisikiliza kitambo, kisha tukamwambia kijana, "Haya ni makelele. Lugha iko wapi humu?"

Hakubisha. Alisema tu, "Mwalimu, naomba uvumilie kidogo."

Naam, makelele yakakoma, ikasikika banjo, ala ambayo asili yake ni watu wa Afrika waliopelekwa utumwani ng'ambo ya bahari. Maneno sasa yalikuwa wazi. Zilikuwa nyimbo za wachimbaji wa makaa ya mawe wa milima ya Kentucky. Nyimbo tatu za namna hiyo zimo katika albamu, na zote zilitungwa na wanawake: Sarah Ogan Gunning, Florence Reece na Jean Ritchie.

Habari ya Florence Reece ndiyo iliyotushika. Mwaka 1931 wachimbaji wa wilaya ya Harlan walikuwa katika mgomo, na mumewe alikuwa miongoni mwa viongozi wa chama cha wafanyakazi. Watu wenye silaha, waliotumwa na mkuu wa usalama wa wilaya, waliivamia nyumba wakimsaka mume, naye mama yumo ndani na watoto. Walipokwisha kuondoka, alichana karatasi ya kalenda ukutani, akaandika juu yake wimbo unaoitwa Which Side Are You On?

Tuliwapa wanafunzi jina hilo walitafsiri. Ubishi ukazuka. Kiingereza hakibagui hapo baina ya mtu mmoja na wengi. Kiswahili hakina budi kuchagua. Baadhi walisema "mko", maana wimbo waimbiwa umati. Wengine walisema "uko", maana mtu hujibu peke yake. Tulifurahi, kama walimu wanavyofurahi darasa linapochemka. Ndipo kijana yule akauliza, "Mwalimu, na babu zetu waliochimba shaba hapa, waliimba nini?"

Tulinyamaza. Kwamba mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma, na askari wakawapiga risasi katika uwanja wa michezo wa mji huu, hilo twalijua na twalisimulia. Wimbo wao hatuna hata mmoja.

Hapa yatupasa kuungama. Baba yetu mzazi alifanya kazi kwenye tanuri la shaba miaka mingi. Jioni alikuwa akiimba akiosha miguu, kwa Kiswahili cha kambi za wafanyakazi, ambacho hakijali sana upatanisho wa ngeli. Tuliporudi kutoka chuoni na diploma yetu, tulimsahihisha mbele ya wageni. Tulimwambia, "Baba, hicho si Kiswahili." Hakukasirika. Lakini tangu siku ile hakuimba tena tukiwapo, na alipofariki mwaka 2006 alikwenda nazo.

Basi sikio lililosema "haya ni makelele" ndilo lile lile lililosema "hicho si Kiswahili". Lunn hakuzisafisha nyimbo za wazee wa Kentucky ziwapendeze watu wa mjini. Aliziweka pamoja na ukelele wake, mwenye kuvumilia akazikuta.

Hatusemi kwamba Kiswahili sanifu kiachwe. Ndicho tukifundishacho, na ndicho tunachoandikia hapa. Lakini tumewapa wanafunzi kazi isiyo na alama: kila mmoja amwendee mzee, aandike wimbo mmoja wa kazi kama ulivyotamkwa, bila kusahihisha hata herufi. Hadi leo zimeletwa nyimbo tatu. Mmoja uliimbwa na bibi yake kijana yule, nao una makosa ya ngeli katika kila mstari. Tumeunakili ulivyo.

Kuhusu tafsiri, darasa halijaafikiana. Sisi tumeandika "uko".