Friza ya mama haikuwa imekufa

Najua nimepotea wiki tatu nzima. Nilikuwa likizo nyumbani Ifakara, juzi usiku ndo nimerudi hapa Mlimani, miguu imevimba kwa basi. Nimefika tu, mwenzangu wa chumbani ananiuliza kama kwetu mashine ya kuosha vyombo inatengenezeka, maana ya kwa shangazi yake imegoma. Nilicheka mpaka machozi. Kwetu mashine ya kuosha vyombo ni mimi na wadogo zangu, na majivu. Ila friza tunayo, na habari ya leo ni hiyo friza.

Mama anauza samaki. Anachukua kitoga, kambale na perege kule Kivukoni, mto Kilombero, anagandisha, anauza taratibu. Mchana ni barafu za watoto. Ada zangu tangu kidato cha kwanza zimetoka ndani ya hilo boksi jeupe. Sasa nafika nyumbani nakuta ndani ni pakavu, samaki wamehifadhiwa kwa jirani, wengine wamebanikwa haraka haraka wasioze. Fundi alishapita, akasema kompresa imekufa, mpya ni laki mbili na themanini. Au kama mama hana, basi yeye atalichukua boksi kwa elfu sitini. Jamani! Kompresa imekufa halafu wewe unalitaka la nini?

Nikamwambia, "Mama, naomba unipe kesho tu." Akaniangalia. "Haya mwanangu, ila usipigwe shoti. Friza tutapata nyingine."

Kitu cha kwanza ni kusikiliza. Nikachomeka: mmmmm, sekunde kadhaa, halafu "tak!" Kimya. Baada ya dakika chache tena mmmmm, tak! Huo mlio unaongea. Umeme unafika, mota inajaribu kuzunguka inashindwa, inavuta umeme mwingi, ile swichi ya kinga inakata. Kompresa yenye koili zote zilizokatika hata mmmm huisikii.

Nikachomoa (chomoeni kwanza, wadau, tafadhali), nikafungua kifuniko cha nyuma. Kulikuwa na pumba! Mashine ya kukoboa mpunga iko nyumba ya tatu, vumbi lote limejaa kwenye kichumba cha kompresa, ambapo joto linatakiwa kutoka. Nikasafisha kwa brashi. Kisha nikachomoa kile kidude cheusi kinachokaa kwenye pini tatu za kompresa, ile rilei ya kuwashia, nikapima pini kwa mita ya kuazima. Koili ya kukimbizia omu 12, ya kuanzishia omu 19, zote mbili pamoja 31. Zinajumlika vizuri. Kati ya pini na bodi ya chuma, hakuna kitu. Yaani mota nzima!

Nikaitikisa rilei. Ikalia kama kayamba. Ndani huwa na kisahani kinachopitisha umeme kwenye koili ya kuanzishia kwa muda mfupi tu, kikipata moto kinazuia. Chetu kilikuwa vipande. Mpya nimeipata dukani karibu na soko, elfu sita. Kuchomeka, ikanguruma! Mama akapiga kigelegele, wadogo zangu wakaanza kujaza maji kwenye mifuko ya barafu hata friza haijapoa.

Ila sikutaka kuondoka bila kujua kwa nini kilivunjika. Mchana mita ilisoma volti 218. Saa moja jioni, 162! Hapo watu huwa wanashangaa: mtambo wa Kidatu wa megawati 204 si tunaupita na basi tukienda Dar? Ndiyo, lakini kuwa karibu na mtambo hakusaidii kama waya unaoleta umeme mtaani ni mrefu na mzigo wa jioni ni mkubwa. Na nguvu ya mota kuanza haishuki sawa na volti, inashuka kwa kipeo cha pili. Chukua 162 gawa kwa 230, zidisha kwa yenyewe, unapata kama nusu. Mota ya nguvu nusu inasukuma gesi ileile, inashindwa, inarudia, rilei inaungua usiku kucha sisi tumelala.

Kwa hiyo nikanunua gadi, elfu ishirini na tano. Umeme ukiwa mdogo inakata, ukirudi inasubiri dakika chache ili msukumo wa gesi ushuke ndo iwashe. Nauli yangu ilibaki ya kubanabana, nimekula mahindi ya kuchoma kutoka Mikumi mpaka Mbezi.

Jana mama kapiga simu. Samaki wameganda, ila jioni gadi inazima saa nzima na yeye ana wasiwasi. Nimemwambia asifungue mfuniko, friza iliyojaa haiyeyuki kwa saa moja. Fundi naye kapita tena kuulizia boksi lake. Mama kampa barafu.

Ngoja nikimbie, nina pindi saa mbili.