Risala na Fomu

Ukitaka kujua klabu ya mtaani kwetu Tanzania inavyoomba msaada wa serikali, usitafute fomu. Nenda kwenye fainali yoyote ya ndondo, mashindano ya soka ya mtaani, subiri filimbi ya mwisho, meza iletwe na kitambaa chake, halafu sikiliza risala. "Ndugu mgeni rasmi, pamoja na mafanikio hayo, klabu yetu inakabiliwa na changamoto zifuatazo." Changamoto zenyewe hazibadiliki: uwanja hauna choo, maji yanatuama golini, wachezaji wanavalia jezi nyuma ya bajaji, mipira imechakaa. Mgeni rasmi anasimama, anawapongeza vijana kwa kujiepusha na makundi mabaya, anaahidi mipira kadhaa na seti mbili za jezi. Vigelegele. Choo kinabaki kwenye risala, na mwakani kinasomwa tena.

Kwa nini jezi zipatikane na choo kikosekane? Jezi inakabidhiwa mbele ya kamera, na kifuani ina nafasi ya jina la mfadhili. Bomba la maji taka halina kifua.

Huku Perth, Australia Magharibi, nimo kwenye kamati ya klabu ndogo ya mpira wa miguu, na kazi niliyobebeshwa ni taa za uwanja. Serikali ya Australia Magharibi ina mfuko wa viwanja na majengo ya michezo, watu wanauita kwa kifupi CSRFF. Hautoi hela yote. Kwa kawaida mwisho wake ni theluthi moja ya gharama. Zilizobaki mtazitafuta wenyewe pamoja na halmashauri yenu. Ombi nalo halirukii serikalini. Linaanzia halmashauri, ambayo inayapanga maombi yote ya eneo lake kwa kipaumbele, tenisi, kriketi, netiboli na sisi, halafu ndipo yanapanda juu. Ukiwa wa mwisho kwenye orodha hiyo, unajua kabla ya majibu.

Fomu yenyewe haitaki kusikia shida zako. Inauliza ardhi ni ya nani. Inauliza mkataba wenu wa kutumia uwanja unaisha lini, nani atalipia umeme, taa ikiharibika baada ya miaka kumi hela ya fundi itatoka wapi. Inataka profoma, hesabu za klabu, muhtasari wa kikao kilichopitisha mradi. Inauliza wasichana wanafanya mazoezi saa ngapi, na hapo ndipo tulipogundua kuwa kwa miaka mingi timu yao ndiyo iliyokuwa ikisukumiwa upande wenye giza.

Giza lenyewe lilibidi lipimwe. Mwanga wa uwanja unahesabiwa kwa lux: mazoezi yanahitaji wastani wa 50, mechi za klabu 100. Mzee mmoja wa kamati, fundi umeme mstaafu, alikuja usiku na kipimo chake kidogo, akatembea kutoka kona hadi kona akisimama kila baada ya hatua chache, mwanawe anaandika kwenye daftari. Katikati ya uwanja namba zilikuwa za kuridhisha. Kwenye kona wanayofanyia mazoezi wasichana, kipimo hakikufika hata 20. Karatasi ile ilikuwa na nguvu kuliko risala yoyote niliyowahi kuandika, na niliwahi kuandika nyingi.

Kilichonifurahisha zaidi ni msaragambo. Siku wazazi watakapokuja na majembe na toroli kuchimba mtaro wa nyaya, saa zao zinathaminiwa kwa fedha na kuingizwa kwenye bajeti kama mchango wa klabu. Kwetu watu wanachimba, wanapewa soda, na kesho yake hakuna rekodi kwamba walichangia chochote.

Sasa, asije mtu akaniambia huku siasa haziingii uwanjani. Mwaka 2018 serikali kuu ya Australia ilianzisha mpango wake wa ruzuku za miundombinu ya michezo, dola milioni 100. Klabu na halmashauri ziliomba zaidi ya mara 2,000. Maombi 684 yakapata. Shirika la michezo liliyapa maombi alama, lakini ofisi ya waziri, Bridget McKenzie, ilikuwa na orodha yake pembeni, ikitazama majimbo ya uchaguzi yenye ushindani kuelekea kura ya Mei 2019. Januari 2020 Mkaguzi Mkuu, CAG wao, akaanika kila kitu. Katika awamu ya tatu ya ruzuku hizo asilimia 73 ya walioidhinishwa hawakuwa wamependekezwa na shirika. Februari waziri akajiuzulu, baada ya kubainika kuwa hakutangaza uanachama wake katika klabu ya kulenga shabaha iliyopata ruzuku hiyo.

Kwa hiyo tamaa ni ileile. Ila huku alama zilikuwa zimeandikwa, hivyo mkaguzi alikuwa na cha kulinganisha. Ahadi ya mgeni rasmi utaikagua kwa kitu gani?

Nyumbani Tanzania fedha zipo, zimetawanyika tu. Bajeti ya 2021/22 ilielekeza asilimia 5 ya mapato ya ubashiri wa matokeo ya michezo iende Mfuko wa Maendeleo ya Michezo, ingawa jina la mfuko huo tunalisikia zaidi timu za taifa zinaposafiri. Kuna Mfuko wa Jimbo, wa sheria ya 2009, ambao mwenyekiti wa kamati yake ni mbunge. Kuna asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, vijana 4, wanawake 4, wenye ulemavu 2. Mfumo wa 4-4-2 kabisa, lakini ni mkopo wa vikundi vya uzalishaji, na choo cha uwanjani hakirejeshi mkopo. Wakenya angalau sheria yao ya 2015 ya mfuko wa maeneo bunge ilitaja michezo kwa jina, hadi asilimia 2.

Hata fomu kama ya Perth ingeletwa kesho, wengi wetu tungekwama kwenye swali la kwanza. Ardhi ni ya nani? Hata viwanja vikubwa kama Kirumba, Sokoine na Sheikh Amri Abeid ni mali ya CCM tangu enzi za chama kimoja. Cha mtaani kwetu ni eneo la wazi kwa mdomo wa wazee, na kila nikirudi likizo naona ukuta wa mtu umesogea.

Kundi letu la WhatsApp la wana-mtaa tulio nje linachangisha tena. Wengi wanataka jezi. Nimeomba safari hii tugharamie mambo manne: katiba ya klabu, usajili wa Baraza la Michezo, kufuatilia serikali ya mtaa na halmashauri ili kiwanja kitambuliwe rasmi kuwa cha michezo, na mpima ardhi aje aweke bikoni za mipaka. Mhazini akauliza: sasa tukimaliza tutapiga picha na nini?

Nimemjibu tutapiga na bikoni.